Moduli imehamia hewani

Zamani sisi wanafunzi wa masafa, tunaosomea nyumbani, chuo kilitugawia moduli za karatasi, yaani vijitabu vya masomo. Unaibeba hadi shambani, unapigia mstari, mtoto anaimwagia chai, maisha yanaendelea. Sasa? "Ingia kwenye mfumo, pakua." Nipakue na nini? Huku kwetu mtandao unapatikana juu ya kichuguu, tena usiku wa manane! Bando linakata faili likiwa asilimia 90. Faili likishuka lote, umeme hakuna. Umeme ukirudi, nakodolea kurasa 200 kwenye kioo cha ukubwa wa kiberiti, machozi yananitoka kama nakata vitunguu. Mwisho naenda steshenari, naprinti. Yaani karatasi ni ileile, ila sasa nainunua mimi! Na ada je? Wanafunzi wenzangu wa masafa, kuna aliyepunguziwa hata mia?