Dawa zikikutana mwilini: achunguzwe nani, na wapi?

Mama mmoja kutoka Ukerewe, kisiwa cha Ziwa Victoria, alifungua pindo la kanga dirishani kwangu, akamwaga kila anachomeza. Vidonge vya TB, mwezi wa tatu unaisha. ARV, na kile kidonge cha ziada cha dolutegraviri anachomeza jioni kwa sababu yuko kwenye TB. Losatani na dawa ya kukojoza, zote za presha. Dikilofenaki za mgongo, alizonunua kwenye duka la dawa muhimu kule mwaloni, wanakoshushia samaki, bila kuandikiwa na mtu. Na kikaratasi chenye unga wa mlonge. Swali lake lilikuwa moja: wahudumu wa afya wakipita kisiwani kugawa dawa ya kichocho, apokee au asipokee?

Mimi ni mfamasia hapa Mwanza, na swali kama hilo natakiwa kulijibu papo hapo, mgonjwa amesimama, foleni nyuma yake. Lakini nyuma ya jibu kuna mabishano ambayo wataalamu wa famakolojia, elimu ya dawa zinavyofanya kazi mwilini, wanayo siku zote. Mwingiliano wa dawa uchunguzwe kwa watu wachache wenye afya njema, ndani ya wodi ya utafiti? Au uchunguzwe kwa wagonjwa wenyewe, wakiwa na magonjwa yao yote na vidonge vyao vyote, hukohuko wanakoishi?

Wanaotetea njia ya kwanza wana hoja nzito kuliko sisi wa madirishani tunavyopenda kukubali. Jaribio lao liko hivi. Watu 10 au 20 wenye afya wanajitolea. Wanapewa dawa moja peke yake, na damu yao inachukuliwa tena na tena kwa saa nyingi. Wanapumzika hadi dawa iishe mwilini. Kisha wanameza dawa ileile pamoja na ya pili, damu ikachukuliwa kwa saa zilezile. Chakula ni kimoja kwa wote, pombe marufuku, hata balungi marufuku. Balungi lina historia yake: mwaka 1989 David Bailey na wenzake, huko London ya Kanada, walitumia juisi yake kuficha ladha ya pombe katika jaribio la felodipini, dawa ya presha, wakakuta juisi yenyewe imepandisha kiwango cha dawa kwenye damu. Ndiyo maana wanabana kila kitu. Mtu analinganishwa na nafsi yake, na kiwango kikibadilika, mshtakiwa anabaki mmoja.

Bila njia hiyo, wagonjwa ndio hulipia kwa maisha yao. Terfenadini, dawa ya mafua ya mzio, ilishatumiwa na watu wengi mno pale madaktari walipoandika, mwaka 1990, habari za mwanamke wa miaka 39 ambaye moyo wake ulivurugika mapigo alipoichanganya na ketokonazoli, dawa ya fangasi. Ketokonazoli ilikuwa imekizuia kimeng'enya cha ini kiitwacho CYP3A4, kile kinachoivunja terfenadini, na dawa ikajaa mwilini. Marekani iliiondoa sokoni mwaka 1998. Leo dawa mpya haifiki kwa mgonjwa kabla ya kupimwa kama CYP3A4 inaivunja, na kama yenyewe inakizuia au kukichochea kimeng'enya hicho. Anayesema majaribio ya watu wenye afya hayana maana kwetu amesahau kwamba bila hayo, wagonjwa wetu ndio wangekuwa kipimo.

Rifampisini ya TB inafanya kinyume cha ketokonazoli. Inalichochea ini na ukuta wa utumbo vitengeneze CYP3A4 na vimeng'enya vingine kwa wingi, na dawa nyingine zinavunjwa kabla hazijafanya kazi. Ndiyo sababu mama yule anameza dolutegraviri mara mbili kwa siku badala ya mara moja, na ataendelea hivyo kwa wiki 2 baada ya kumaliza TB, kwa kuwa ini halitulii siku ileile. Kipimo hicho cha mara mbili kilianza kwa watu wenye afya, kikathibitishwa kwa wagonjwa wa TB wenye VVU. Pande zote mbili zilifanya kazi yake, na mgonjwa akafaidika.

Sasa nije Uganda, tunakochangia ziwa hili. Mwaka 2016 yalichapishwa matokeo ya wanawake wenye VVU waliowekewa vijiti vya levonogestreli, vile vinavyotegemewa kuzuia mimba kwa miaka 5. Walifuatiliwa wiki 48. Kati ya 20 waliokuwa wakitumia efavirenzi, mojawapo ya ARV, 3 walipata mimba. Homoni kwenye damu ya kundi hilo ilikuwa imeshuka kwa karibu nusu, ukilinganisha na wanawake ambao walikuwa hawajaanza ARV. Na mimba zote 3 zilitokea kati ya wiki ya 36 na ya 48. Jaribio la wiki mbili kwenye wodi safi lisingeziona kamwe. Nawafikiria sana wanawake wale 3. Walifanya kila walichoambiwa: walimeza ARV, waliweka kijiti, walikuja kliniki.

Mwenzangu anayefundisha famakolojia alinijibu kwamba maabara ilikwishajua efavirenzi inalichochea ini, hivyo onyo lilikuwepo. Ni kweli. Lakini onyo la maabara halikumwambia mwanamke kwamba kijiti kitamwangusha ndani ya mwaka. Alichosema baadaye ndicho nilichokubali bila kusita: utafiti ule wa Uganda haukuwa wa kuokoteza. Ulikuwa na makundi ya kulinganisha na damu iliyochukuliwa kwa ratiba. Kupeleka uchunguzi kwa wagonjwa si ruhusa ya kulegeza kamba.

Wapo wanaosema hayo yamepita, kwa kuwa tangu 2019 Tanzania imehamia kwenye dolutegraviri, ambayo hailichochei ini. Wangekuja kusimama dirishani na mimi asubuhi moja. Efavirenzi imepungua, rifampisini ipo palepale, na presha na kisukari vinaongezeka kwa watu walewale ambao ARV imewapa umri wa kuvifikia. Dolutegraviri hiyohiyo inapandisha metformini ya kisukari kwenye damu.

Halafu zipo hatari ambazo hazihusu kimeng'enya chochote. Losatani, dawa ya kukojoza na dikilofenaki zikikutana, figo linabanwa na dawa 3 kwa wakati mmoja. Mwaka 2013 watafiti waliochambua kumbukumbu za wagonjwa wa presha zaidi ya 487,000 wa Uingereza waliona hatari ya figo kuumia ghafla ikipanda kwa asilimia 31 kwa waliochanganya dawa za aina hizo tatu, na siku 30 za mwanzo ndizo mbaya zaidi. Vijana 12 wenye figo nzima wasingeonyesha kitu hicho. Ila tazama pia kilichowezesha: kila dawa iliyoandikwa imeingia kwenye kompyuta. Kwetu kadi ya CTC, yaani kliniki ya VVU, iko mahali pake, daftari la presha liko mahali pengine, na dikilofenaki ya mwaloni haijaandikwa popote. Uchunguzi wa maisha halisi unataka maisha halisi yawe yameandikwa. Hapo upande wa pili, upande wangu, una deni kubwa.

Na onyo la maabara haliwi sahihi kila mara linapotia hofu. Chukua mlonge. Katika maabara, dondoo ya majani yake ilionekana kuizuia CYP3A4, na ungeweza kusimama hapo ukawatisha watu wote wenye VVU wasiuguse. Watafiti wa Zimbabwe wakaenda mbele: wakawapa unga wa majani wagonjwa waliokuwa kwenye nevirapini, ARV nyingine, wakapima damu, na kilichoonekana kwenye damu hakikuwa cha kubadilisha matibabu. Nevirapini si dolutegraviri, hilo nalijua. Lakini mgonjwa anayekatazwa mlonge kwa sababu ya chupa ya maabara ananyimwa mboga bure, na siku nyingine anatuficha anachotumia.

Hapo ndipo ninaporudi kwenye kichocho, maana swali la mama yule ndilo linalonifanya niandike. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2022 unataka jamii zenye maambukizi ya asilimia 10 au zaidi zipewe prazikwanteli, dawa ya kichocho, kila mwaka, kuanzia watoto wa miaka 2 hadi watu wazima. Zamani tulizoea kampeni za shuleni. Mtu mzima akiingia, anaingia na TB yake. Na jaribio la Thailand la mwaka 2002, kwa watu wenye afya, lilionyesha kwamba prazikwanteli ikimezwa pamoja na rifampisini, kwa baadhi yao inashuka hadi mashine haiioni kwenye damu. Tahadhari iliyo kwenye karatasi ya dawa imesimama juu ya ushahidi wa namna hiyo.

Lakini damu ile ilichukuliwa mkononi. Minyoo ya kichocho cha ziwa letu, Schistosoma mansoni, haikai mkononi. Inakaa kwenye mishipa ya utumbo inayopeleka damu kwenye ini, yaani njiani, dawa ikiwa imetoka tu tumboni na ini bado halijaivunja. Kiwango cha dawa pale ni kikubwa kuliko cha mkononi. Kwa hiyo inawezekana dawa iliyopotea mkononi ilimfikia mnyoo ikiwa na nguvu ya kutosha. Inawezekana pia ukuta wa utumbo, uliochochewa na rifampisini, uliimaliza kabla haijavuka. Mtu asiye na minyoo hawezi kulijibu swali hili hata ukimchukua damu ya ndoo. Anayelijibu ni mwenye kichocho: anameza, kisha baada ya wiki chache mayai ya minyoo yanahesabiwa kwenye kinyesi chake.

Pingamizi kubwa ni la kimaadili, na silipuuzi. Unampaje mgonjwa wa TB dozi unayoshuku haitafanya kazi? Na visiwani, neno utafiti linaamsha uvumi wa damu kuuzwa. Jibu langu kwa la kwanza ni kwamba yule asiyeulizwa chochote kampeni ikipita anaimeza hata sasa, ila hakuna anayemfuata. Katika utafiti angefuatwa, angepimwa, angerudishiwa dozi TB ikiisha. Kwa la pili, mbinu zimebadilika. Matone ya kidole yanakaushwa kwenye karatasi na kusafirishwa bila barafu, na hesabu za kisasa zinaweza kusoma sampuli 2 au 3 za kila mtu kutoka kwa watu wengi, badala ya kumchoma mtu mmoja mara 12. Wenye kuweza kuifanya wapo mjini hapa. NIMR Mwanza, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, na kitengo cha majaribio cha MITU waliwafuatilia wasichana 930 katika jaribio la chanjo ya HPV, kirusi cha saratani ya mlango wa kizazi, na matokeo yake yalisaidia dunia kukubali dozi moja. Bugando pana hospitali ya rufaa na chuo kikuu cha afya uwanja mmoja.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: jaribio la watu wenye afya libaki mlangoni, lakini onyo lake lisigeuzwe sheria kwa watu wa ziwa kabla halijafika ziwani.

Mama yule nilimwambia aache dikilofenaki, nikampa panado. Mlonge sikumkataza. Dawa ya kichocho nilimwambia asubiri, kwa kuwa karatasi inataka wiki 4 zipite tangu kidonge cha mwisho cha rifampisini, na nikamwandikia hivyo kwenye daftari ili wahudumu wasimwone mkaidi. Alihesabu kwa vidole: mitatu ya TB iliyobaki, na huo mmoja. Kisha akauliza, miezi hiyo minne, maji ya kuoshea dagaa ayachote wapi.