Mradi ukija Kigoma, ahadi haziko kwenye BOQ

Jamani mimi sina ugomvi na reli ya SGR wala barabara, Kigoma tumekaa kama kisiwani vya kutosha, na hiyo Tabora–Kigoma ya kilomita 506 ikiisha nakata tiketi mapema. Kinachonikera ni kwamba mkutano wa kijiji tunaitwa mkataba ukiwa umeshasainiwa. Afisa jamii wa mkandarasi anasimama, anasema vijana wenyeji watapewa kipaumbele, tunapiga makofi, imeisha hiyo.

Sasa fungua BOQ, ile orodha ya kazi na bei zake kwenye mkataba, uone. Moramu ina bei, lami ina bei, makalavati yamehesabiwa moja moja, halafu mafunzo kwa vijana, kama yapo, yamewekewa kihela kimoja cha jumla huko mwishoni. Mkandarasi kashinda kwa bei ya chini, kitu hakina fungu atakifanya kwa hela ya nani? Ndo maana simlaumu sana yeye kama ninavyomlaumu aliyeandaa zabuni.

Vibarua nao wanaletwa na nyapara wa mkandarasi mdogo, karatasi hamna, mshahara ukichelewa ukienda kwa mkandarasi mkuu anakwambia huyo si wa kwangu.

Sheria ya manunuzi inasema asilimia 30 iende kwa makundi maalumu, akina mama, vijana, wazee na wenye ulemavu. Safi. Ila kikundi cha akina mama Uvinza hata wakipenya NeST, ule mfumo wa serikali wa zabuni mtandaoni, na kupata oda, watangulize mtaji wao, wapeleke mzigo, ndo waanze kufuatilia malipo mwezi wa kwanza, wa pili, na marejesho ya vikoba ni kila wiki. Nani ataweza hapo?

Wala si bongo tu. Uingereza walitunga sheria ya thamani kwa jamii 2012, ikataka taasisi za umma zikitoa mkataba "zizingatie" tu jamii itafaidika nini, tena kwenye mikataba ya huduma, ujenzi mtupu ukabaki nje.

Huku kwetu kuna barabara moja waliacha shimo la moramu wazi, masika likajaa, watoto wanaogelea na ng'ombe wanakunywa humohumo, na mitambo ilishaondoka zamani.

Mimi ningeanzia hapa: ile hela ya zuio wanayomshikilia mkandarasi mpaka kipindi cha matazamio kiishe, yaani muda wa kuangalia kasoro baada ya kazi kukamilika, isitoke kama mashimo hayajafukiwa na vibarua hawajalipwa, kijiji kisaini kwanza. Najua mtasema mwenyekiti atapewa bahasha asaini. Basi wasaini vibarua wenyewe.