Waliobadili jinsia Kusini: wajisajili au wajifiche?

Mwaka 2014 Mahakama Kuu ya Kenya iliamuru Transgender Education and Advocacy, asasi inayotetea haki za waliobadili jinsia, isajiliwe, na katika shauri jingine mwaka huohuo ikaamuru Audrey Mbugua, mwanaharakati aliyebadili jinsia, apewe cheti cha mtihani chenye jina lake jipya. Swali ni kama njia hiyo ya uwazi inaweza kumpa tumaini mtu aliyebadili jinsia anayeishi Mtwara au Lindi, kusini mwa Tanzania.

Wanaoiunga mkono wana hoja nzito, kwa kuwa asiye na usajili hana pa kulalamikia. Hata hivyo, Oktoba 2017 mawakili na wanaharakati walikamatwa jijini Dar es Salaam wakiwa kikaoni kujadili shauri la kupinga kufungwa kwa vituo vya afya vilivyohudumia makundi yanayotengwa, na kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kinachoharamisha kujamiiana kinyume cha maumbile, ingawa hakitaji utambulisho wa jinsia, kinabeba adhabu inayofikia kifungo cha maisha. Simlaumu anayenyamaza.

Wapo wanaoona heri kikundi kidogo cha kuweka na kukopa, chenye sanduku la kufuli tatu na funguo zilizo mikononi mwa watu watatu, ambacho hununua hisa fedha za korosho zinapoingia na kumuuguza mwenzao anapolazwa. Mimi pia naliona tumaini hapo, kwa sababu anayejua kuna atakayemletea uji wodini huweza kuvumilia mengi. Lakini ukimya huo nao una mipaka: Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inakitaka kikundi kama hicho kijisajili, na laini ya simu husajiliwa kwa alama za vidole, hivyo mwanachama akituma mchango, jina alilokwisha kuliacha ndilo linalotokea kwenye simu ya mweka hazina.

Wazee wanaopinga kwa dini na mila nao wasikilizwe, maana huku jando na unyago ndivyo vinavyomtambulisha mtu mbele ya jamaa zake. Ila mila hizohizo zinatutaka tuuguzane na tuzikane, na sijaona mahali zinapomtoa mtoto wa ukoo katika haki hiyo.

Kwa maoni yangu, kikundi kitangulie. Shauri la mahakamani lifuate pale wanachama wenyewe watakapoamua majina ya nani yaandikwe, wala si pale mfadhili au wakili wa mbali anapohitaji mlalamikaji.