Bolti Haichoki, Nachoka Mimi

Leo fundi wa gari langu kanipigia saa kumi na mbili na robo asubuhi, saa ambayo mwenye habari njema bado kalala. "Bosi, leo tunafunga hedi. Tuma ya silikoni na ya chai ya vijana." Hedi ni kile kichwa cha injini, kinakaa juu ya bloku na kubanwa kwa bolti. Nikamuuliza, na bolti? Akacheka. "Bolti si zipo? Bolti haichoki."

Zipo, zile zile za zamani. Ndiyo shida yenyewe.

Sasa mimi mtu mzima, katibu wa kamati ya misiba ya mtaa, siwezi kubishana na mtu kwenye simu nikiwa na taulo kiunoni. Nikavaa shati la mikono mirefu, nikapanda daladala mbili, zote nimesimama, na konda wa pili mia yangu kaondoka nayo. Gereji ile chini ya mwembe nimefika nimenyooka kama mgeni rasmi.

Toyota IST yangu ilichemsha pale Kimara. Mengine mnayajua: maji yameingia kwenye oili, imegeuka chai ya maziwa, na bodaboda sita wote ni wahandisi. Basi nimenunua gasketi mpya ya kati ya hedi na bloku, hedi imesagwa, rejeta mpya, temostati mpya. Kote huko natoa hela hakuna aliyenionea huruma. Tumefika kwenye bolti kumi za hedi, ghafla kila mtu mchumi.

Spana boi, kijana msaidizi wa fundi, kaleta kopo la rangi, bolti zinaogelea kwenye dizeli. Fundi kachukua moja, kaigonga kwenye bloku, kainamisha sikio. Ting. "Unasikia, bosi? Hii iko hai." Ya pili, ting. Ya tatu ikatoa "tup". Nikamwangalia. "Hii ina mafua tu," anasema.

Nikamweleza kwa upole, kikatibu. Bolti ya hedi inafungwa mpaka ivutike, na kule kuvutika ndiko kunakobana hedi. Ikivutwa kupita kiasi hairudi, inarefuka na shingo inakonda, kama lastiki ya bukta ya kushindia nyumbani: imo, lakini haishiki kitu. Nikamwonyesha kwenye simu: injini hii ya 1NZ unafunga kwanza kwa nguvu ya nyutonimita 29, kwa spana yenye kipimo, unaanzia katikati kwenda nje, halafu kila bolti robo mzunguko, halafu robo nyingine. Na kabla ya kuzirudisha unazipima urefu, iliyozidi inatupwa. Wenye Volkswagen ndio kabisa, wao wakishafungua wanatupa zote.

Akasoma mpaka mwisho. "Hiyo ya Japani, bosi. Kule kuna baridi."

"Kwa hiyo wewe unapimaje?"

Akanionyesha bomba la maji, urefu kama wa fimbo ya mzee, analichomeka kwenye spana. "Navuta mpaka mbavu ziseme."

Pembeni palikuwa na kioo cha mlango wa gari la mtu. Nikakilaza kwenye benchi, nikazisimamisha bolti zote kumi vichwa chini, mstari mmoja, kama watoto paredi ya asubuhi. Saba sawasawa. Tatu zimechomoza, na ile ya mafua imepata kiuno cha nyigu. Vijana wakasogea. Muuza kahawa naye akasogea, akachuchumaa, akafumba jicho moja, akasema, "Hizo tatu za baba mwingine."

Fundi kimya. Akajikuna kisogo kwa bisibisi. Kisha akatoa hukumu: "Hizi tatu tutazifunga upande wa nyuma. Hazionekani."

Hazionekani na nani? Mvuke unakagua sura? Hapo ukatibu ukanitoka, nikaongea maneno ambayo msibani siyasemi. Na kilichoniuma zaidi, mwaka juzi hedi hii hii ilifunguliwa, fundi mwingine, akaniuliza tununue bolti, nikasema kwa mdomo wangu, "Rudisha hizo hizo." Hela nikapeleka mchango wa harusi. Pilau lenyewe liliishia meza ya tatu, mimi nilikuwa ya kumi na moja.

Nageuka, spana boi anamimina oili kwenye matundu ya bolti, eti ziteleze. Bolti unaipaka kidogo tu! Tundu likijaa, oili haina pa kwenda, unaishindilia mpaka bloku inapasuka. Nikamtuma akatafute tambara.

Gerezani duka la kwanza nikapewa "mpya kabisa", zina mikwaruzo ya brashi ya waya. Nikazisimamisha kwenye kioo cha kaunta, zikatoka urefu wa aina nne. Muuzaji akasema ni seti ya familia. Duka la tatu nikapata za kwenye boksi, bei nikaitaja kwa sauti mara mbili ili niiamini.

Nimerudi nyumbani usiku na ile bolti ya kiuno cha nyigu mfukoni, ushahidi, kesi ikija. Nikaiweka mezani, nikaenda kuoga kwa kopo maana presha ya maji mnaijua. Natoka, mama Zawadi anaponda nayo vitunguu saumu.

"Baba Zawadi, hii imara kweli. Zimebaki ngapi?"

Nikamwambia tisa. Kasema mbili ampelekee dada yake Mbagala, moja ya mlango wa choo unaogongagonga. Nilitaka kumweleza habari ya kuvutika, LUKU ikaanza kulia.