Bwana Korosho Hapokei Simu

Sawa. Najua mmeshasikia. Kuna dereva bajaji mmoja, zamani nilikuwa namwita rafiki, amezunguka nayo hapa Mtwara kuanzia Shangani hadi Mikindani, na kila akishusha abiria hadithi inanenepa. Kwa sasa imefika mahali kwamba kompyuta yangu ilimtukana shehe na mimi nikatorokea Masasi. Uongo. Shehe hakutukanwa, aliitwa tu jina lake la kwenye daftari. Na Masasi sikwenda, nauli ningeitoa wapi?

Mlionizoea mnajua nilivyojitangaza: "Mshauri wa Mifumo ya Kompyuta na Akili Mnemba kwa Wafanyabiashara Wadogo." Ofisi yenyewe ni kona ya meza kwenye steshenari ya kaka yangu, na ninaihama mtu akija kutoa kopi. Mteja wangu wa kwanza wa maana alikuwa mama mmoja mwenye duka pale Chikongola. Mama alitaka kitu kidogo: sukari imebaki mifuko mingapi, mafuta madumu mangapi, basi. Kazi ya wiki moja. Mimi nikaona hiyo hainifai, mtu mzima nihesabu sukari?

"Mama, dunia imehama," nikamwambia. "Madeni yako yatadaiwa na akili mnemba."

Akanitazama kwa juu ya miwani. "Itawadai wote?"

"Wote, Mama."

"Wote kabisa?"

"Kabisa." Hapo pashikeni, tutaparudia.

Kwa msio wa kusini: huku mtu anakopa unga mwezi wa tano, anasema nitalipa korosho. Anazipeleka AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, zinaingia ghalani, zinapigwa mnada, ndipo hela inaingia benki. Kwa hiyo kwenye daftari la Mama sehemu ya lini atalipa ina maneno yaleyale kutoka juu hadi chini: atalipa korosho, atalipa korosho, atalipa korosho. Yapo hata madeni ya "msimu wa jeshi", yaani ule wa 2018, Serikali iliposema inanunua kwa shilingi 3,300 kilo na wanajeshi wakaja kusomba magunia.

Na majina? Mama haandiki majina. Anaandika mtu anavyomwona.

Nilijua hilo? Sikujua, maana daftari sikulisoma. Kusoma si ndiyo kazi ya mashine? Nikapiga picha kurasa zote, nikaulisha mfumo, nikauagiza: soma mwandiko, mtumie kila mdaiwa meseji, mtaje jina kama lilivyoandikwa, kwa heshima zote, na kama ana mdhamini mtaje. Niwaeleze kidogo ili msidhani ni uchawi: haya mambo yanakisia neno gani lifuate neno gani. Ukiyaachia tundu yanaliziba, tena kwa Kiswahili kizuri kuliko cha diwani.

Jumanne, saa nne na dakika kumi asubuhi. Laptop iko juu ya gunia la mchele. Nimevaa shati la mikono mirefu, kwa joto la Mtwara, kwa sababu mshauri lazima aonekane mshauri. Kwenye benchi kuna mzee na kikombe chake cha kahawa, akina mama wawili, na mtoto aliyetumwa chumvi. Mfumo wangu una swichi ya sehemu mbili, Jaribio na Halisi. Kwenye Jaribio meseji inakuja kwangu peke yangu. Usiku wake nilikuwa nimeisogeza kwenye Halisi, si kwa lolote, nilitaka kuona kijani kinavyogeuka chekundu. Kikageuka. Kikapendeza. Nikalala.

Nikabonyeza.

Kimya. Kile kiduara kikazunguka. Halafu yakatokea maandishi: Imetumwa 1 kati ya 63.

Nikayatazama. Sitini na tatu nini?

Imetumwa 2 kati ya 63. Imetumwa 3.

Pale kwenye benchi ikalia simu. Mzee akaweka kahawa chini, akatoa mfuko wa nailoni, akaufungua fundo, akatoa kitochi, akakisogeza mbali na macho, akashindwa. Akampa yule mtoto. "Nisomee, mjukuu wangu."

Mtoto, Mungu amkuze, anasoma kama yuko mbele ya mkaguzi. Kidole kwenye kioo, sauti mpaka barabarani:

"Mheshimiwa Mzee Kahawa Haiishi. Tunakusalimu kwa heshima na taadhima. Unadaiwa shilingi 22,000. Mdhamini wako, Bwana Korosho, tumempigia mara tatu hapokei simu. Tafadhali mkumbushe."

Mzee akakitazama kikombe. Akamtazama Mama. Mama akaanza kupanga viberiti vilivyokuwa vimeshapangwa.

"Korosho yupi huyo?" mzee akauliza.

Mimi natafuta kitufe cha kusimamisha. Hakipo. Sikukitengeneza. Cha kubadilisha rangi nilikitengeneza, tena siku mbili nzima! Nikachomoa waya wa umeme. Laptop ina betri. Nikaifunga kabisa, mfumo haukai ndani ya laptop, unakaa kwenye seva ya kukodi huko ughaibuni, nao haujui kama nimefunga wala kama natoka jasho. Simu ya mama wa kwanza ikalia: "Mpendwa Bi Kesho Kutwa." Ya wa pili: "Mpendwa Bi Nimesahau Pochi, kuhusu deni lako la kijeshi..." Mtoto sasa kachangamka, anaomba simu za watu awasomee.

Halafu kifuani kwangu, kwenye mfuko wa shati, kitu kikatetema.

Nilijua. Wewe unayeuliza kama nilijua, nilijua. Nikajifanya sijasikia. Mama akanyoosha mkono tu, kama mwalimu anayetaka simu ya mwanafunzi, nami nikampa. Akasoma polepole, kwa juu ya miwani:

"Ndugu Mshauri Mdomo. Tunathamini ushirikiano wako. Unadaiwa shilingi 18,500: vocha, sabuni ya mche, maandazi, na soda mbili za siku ya kuja kuonyesha mfumo."

Akanirudishia simu. "Si ulisema wote?"

Yaliyofuata yalikwenda mbio. Shehe Nitapita alijibu meseji yake kwa neno moja: "Nitapita." Mwalimu mmoja alipiga simu kunisomea Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na haki ilikuwa yake, sikubishana. Nikatuma meseji ya kuomba radhi. Kwa mfumo uleule. Watu 63 wakapokea mfano wa hii: "Mheshimiwa Kahawa Haiishi, samahani kwa kukuita Kahawa Haiishi." Mpaka jioni tisa walikuwa wamekuja kulipa, kwa sharti kwamba jina lifutwe wakiwa wamesimama pale pale. Wawili hawadaiwi hata senti, walikuja kuuliza wao wanaitwaje.

Programu ya sukari na mafuta ninayo tayari, nimeimaliza kwa siku nne, inafanya kazi vizuri. Hakuna anayeiulizia. Nikipita stendi ya bajaji napigiwa honi: "Bwana Korosho, mbona hupokei?"

Juzi nilikwenda kumalizana na Mama. Akafungua daftari kwenye ukurasa wangu, akalamba ncha ya kalamu.

"Hii 18,500 utalipa lini?"

Shamba sina. Mkorosho sina hata mmoja.

"Korosho, Mama," nikasema.

Akaandika.