Jirani Mwenye Ladha Kama Yangu

Kanda za taarabu za marehemu baba zilikuwa 40, karibu zote za dakika 90, na kuzihamishia kwenye kompyuta hakuna njia ya mkato: kanda lazima iimbe mpaka iishe. Nilipomaliza nikatafuta programu ya kuzipiga taarabu hizo kwenye mtandao wa nyumbani. Jellyfin nikaiona nzuri, ila ina mambo ya filamu, na kikompyuta changu ni Raspberry Pi yenye RAM ya GB 1 tu. Rafiki yangu akasema, "Yakhe, weka Navidrome, wimbo utakujia kwenye simu." Mimi na ujuaji wangu nikaweka MPD, programu nyingine ya muziki. Ipo tangu 2003, haili nguvu ya mashine, na unaiongoza kwa simu. Hilo neno "unaiongoza" nililisoma mbiombio.

Nyumba yetu ya Langoni, Lamu, ni ya mawe ya kale, kuta nene, waifai haipenyi. Kwa hiyo Alhamisi alasiri nikapanda juu, chini ya makuti, nikabonyeza. Wimbo unaonekana unakwenda, sekunde zinahesabu, simu kimya. Sauti nikaipandisha 60. Kimya. Nikachokora kitundu cha simu kwa kijiti cha meno, nikapuliza, nikapandisha 100.

Hapo nikasikia taarabu kwa mbali. Nikajisemea, kumbe jirani naye ana nyimbo hizi! Nikaanza hata kumpenda. Mara kwenye wimbo mtu akakohoa.

Kikohozi kile nakijua. Ni cha baba, aliyeshika rekoda harusini.

MPD hailetei simu wimbo, labda uipange hivyo. Simu ni rimoti tu. Sauti hutokea pale ilipo mashine. Na mashine nilikuwa nimeichomeka mwenyewe kwenye spika kubwa ya ukumbini, ambako mama alikuwa na darsa la wanawake.

Nilishuka ngazi tatu tatu. Viatu vimejaa mlangoni. Mwalimu kafunga kitabu, kidole kimebaki ndani ya ukurasa. Mama ameikalia spika, kaigandamiza na mto, na gambusi linamtokea ubavuni.

"Ndoo uzime mambo yako!"

Nikainua simu. Bibi mmoja wa nyumba ya nyuma, aliyekuwa amesinzia tangu mwanzo wa darsa, akanyoosha mkono.

"Ateni kwanda. Hii ni harusi yangu."

Mama akaniangalia. Mwalimu akamwangalia mama. Nikasimama pale, kidole juu ya kitufe, mama akaondoa mto.