Mbuyu usio na vidole

Mwezi uliopita nilikuwa shambani kwa kaka yangu, huku Kilifi. Mwanawe alikuwa akipalilia mahindi, jembe likafika kwenye kimche cha urefu wa goti, majani yake membamba, moja moja. Nikamwambia, "Huo uache, ni mbuyu." Akacheka. "Shangazi, mbuyu gani huo hauna vidole?" Kabla sijamaliza kueleza, kimche kilikuwa kimeshalala juu ya magugu.

Simlaumu. Jani la mbuyu mkubwa limegawanyika mara tano hadi saba, kama kiganja. Mche wake, mwanzoni, huwa na jani zima lisilogawanyika. Mtu aliyecheza chini ya mibuyu tangu utotoni anaweza kuukanyaga asiujue.

Mwaka 2022 mibuyu ya hapa kwetu iling'olewa ili isafirishwe hadi nchi ya Georgia. Kelele zikapigwa, zangu zikiwemo, hata Rais Ruto akaingilia kati Novemba. Sijutii, maana kuona mbuyu wa miaka mingi umelazwa ubavu kunauma. Lakini ile ilikuwa miti ya kuhesabika. Miche mingapi huliwa na mbuzi, au hukatwa kwa jembe kama huo wa juzi, na hakuna anayepiga simu redioni? Hebu hesabu mibuyu michanga unayoijua wewe. Mimi sikufika mitatu.

Anayeona natia chumvi avuke bahari hadi Bukini, yaani Madagaska. Ukoo wa mibuyu, ambao wanasayansi huuita Adansonia, una spishi nane: sita ziko Bukini peke yake, moja ni hii yetu ya Afrika bara, na moja iko kaskazini-magharibi mwa Australia. Utafiti wa vinasaba uliotoka 2024 unaonyesha kuwa asili ya ukoo wote ni Bukini, na mbegu zilisafiri na mikondo ya bahari. Huko kwao asili ndiko hali ilikoharibika. Spishi tatu zimo hatarini, na mbili kati ya hizo, za upande wa kaskazini, zinakaribia kutoweka kabisa.

Ya tatu pengine umeiona kwenye kalenda. Ni ile mirefu ya karibu na Morondava, imejipanga kandokando ya barabara ya vumbi, jua likizama nyuma yake. Wenyeji huiita renala, mama wa msitu. Sasa iangalie tena picha hiyo, ila safari hii tazama chini. Utaona mashamba ya mpunga na nyasi za ng'ombe. Msitu wenyewe ulifyekwa na kuchomwa, akabaki mama bila msitu. Hata wanyama wanaodhaniwa kuwa ndio waliokuwa wakila matunda na kutawanya mbegu, wale lemuri wakubwa, walikwisha zamani. Barabara hiyo imehifadhiwa tangu 2007, na ni jambo jema, ingawa kinachohifadhiwa pale kwa kiasi kikubwa ni wazee.

Tatizo la mbuyu ni kwamba unaishi mno. Mahindi yasipozaa, mwaka huohuo njaa inakujulisha. Mbuyu unaweza kukaa karne nzima bila mtoto hata mmoja, nasi tukaendelea kupiga picha kivulini pake na kula ubuyu, tukidhani mambo ni salama.

Kabla ya kuondoka shambani nilivunja buyu, nikaloweka mbegu kwenye maji ya moto usiku kucha maana ganda lake ni gumu kama kokoto, nikazipanda tano mpakani na kuzizungushia miiba. Kisha nikafunga kitambaa chekundu kwenye kila kijiti, kama vile vinavyofungwa kwenye mibuyu ya mizimu. Mpwa wangu akauliza ni mganga gani amenituma. Sikumjibu. Jana kanipigia simu kusema miwili imeota, na kwamba upande ule wa shamba yeye hapalilii tena.